Ubadilishaji wa ekseli ya nyuma katika magari ya zamani ya Marekani

Ubadilishaji wa ekseli ya nyuma katika magari ya zamani ya Marekani ni kazi ya ufundi inayofanywa pale ekseli iliyotoka kiwandani inaposhindwa kuhimili nguvu ya injini, matairi au matumizi mapya ya gari. Kazi hiyo huweza kuwa ndogo, kama vile kutia shafti ngumu zaidi ndani ya ganda lilelile. Huweza pia kuwa kubwa, yaani kuondoa ekseli nzima na kufunga nyingine iliyotoka katika gari la aina tofauti au iliyotengenezwa upya.

Makala hii inahusu hasa magari yaliyotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1930 na 1980, yenye injini mbele na ekseli moja ngumu nyuma. Magari yenye magurudumu ya nyuma yanayosogea kila moja peke yake, kama Chevrolet Corvette kuanzia toleo la mwaka 1963, yana muundo mwingine.

Ekseli inayoitwa dhaifu si lazima iwe imetengenezwa vibaya. Mara nyingi ilitosha kabisa kwa gari lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Udhaifu hujitokeza pale mwenye gari anapobadilisha kitu kimoja na kuacha vingine kama vilivyokuwa.

Muundo na kazi

Ekseli ya nyuma inayoendesha magurudumu hufanya kazi tatu. Kwanza, hupokea mzunguko kutoka kwenye propela shafti na kuugeuza kwa pembe ya nyuzi 90 ili ufike kwenye magurudumu. Pili, hupunguza kasi ya mzunguko na kuongeza nguvu ya msokoto. Tatu, huruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Mbali na hayo, hubeba uzito wa sehemu ya nyuma ya gari na kushikilia breki.

Sehemu zake kuu ni hizi:

- Ganda, ambalo lina sehemu ya katikati na mabomba mawili ya pembeni.
- Pinioni, ambayo ni gia ndogo iliyounganishwa na propela shafti.
- Krauni, ambayo ni gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni.
- Difu, yaani kikasha chenye gia ndogo kinachofungwa kwenye krauni na kugawa mzunguko kwa pande mbili. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huita sehemu yote ya katikati ya ekseli kwa jina hilo.
- Shafti za pembeni, ambazo hupeleka mzunguko kutoka kwenye difu hadi kwenye magurudumu.
- Beringi na sili za mafuta.

Uwiano wa gia hupatikana kwa kugawanya idadi ya meno ya krauni kwa idadi ya meno ya pinioni. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 11 huleta uwiano wa 3.73. Maana yake ni kwamba propela shafti huzunguka mara 3.73 ili magurudumu yazunguke mara moja.

Magari mengi ya Marekani hutumia gia za haipoidi, ambazo kampuni ya Packard ilianza kuzitumia mwaka 1926. Katika gia hizo, pinioni huwekwa chini kuliko kitovu cha krauni. Hali hiyo hushusha propela shafti na sakafu ya gari. Meno yake husuguana kwa kuteleza, hivyo huhitaji mafuta maalumu yanayohimili shinikizo kubwa.

Kuna aina mbili kuu za ganda. Katika aina ya kwanza, krauni na pinioni hufungwa kwenye kibebeo ambacho hutolewa chote upande wa mbele. Katika aina ya pili, sehemu ya katikati na kibebeo ni kitu kimoja, na fundi hufungua kifuniko cha nyuma ili kuzifikia gia. Aina ya kwanza humpa fundi nafasi ya kupanga gia mezani, na mwenye gari anaweza kuwa na vibebeo viwili vyenye uwiano tofauti. Aina ya pili kwa kawaida huwa rahisi kutengeneza kiwandani na ganda lake la katikati huwa gumu.

Kwa nini ekseli hushindwa

Nguvu inayofika kwenye ekseli haitegemei injini peke yake. Hutegemea pia gia iliyotumika, uwiano wa ekseli na uwezo wa matairi kushika barabara.

Kwa mfano, injini yenye msokoto wa nyutoni-mita 400, ikiwa katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.5 na ekseli yenye uwiano wa 3.5, ingeweza kupeleka kwenye magurudumu:

400 × 2.5 × 3.5 = nyutoni-mita 3,500

Lakini matairi yana kikomo chake. Ikiwa ekseli ya nyuma imebeba kilo 700, kiwango cha msuguano wa tairi na lami ni 0.8, na nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.33, basi matairi huanza kuteleza msokoto unapofika:

700 × 9.8 × 0.8 × 0.33 = takriban nyutoni-mita 1,810

Kwa hiyo, katika gari hilo lenye matairi membamba ya kawaida, ekseli haiwahi kupokea msokoto wote wa 3,500. Matairi hufanya kazi kama fyuzi katika saketi ya umeme: huachia kabla ya kitu cha ghali kuungua.

Mwenye gari akifunga matairi mapana na laini yenye kiwango cha msuguano wa 1.3, na gari likaegemea nyuma wakati wa kuondoka hadi kilo 900 zikawa juu ya ekseli, kikomo hupanda:

900 × 9.8 × 1.3 × 0.33 = takriban nyutoni-mita 3,780

Sasa matairi hayatelezi tena. Msokoto wote wa injini huishia katika meno ya gia na shafti, ingawa injini ni ileile. Ndiyo maana ekseli nyingi zilizodumu kwa miaka mingi huvunjika muda mfupi baada ya gari kufungwa matairi ya mashindano.

Mambo mengine yanayoongeza mzigo ni haya:

- Kuachia klachi kwa ghafla. Mshtuko wake huzidi sana msokoto wa kawaida wa injini.
- Kurukaruka kwa magurudumu ya nyuma. Springi za mabamba hujipinda wakati wa kuondoka, kisha hujinyoosha kwa nguvu. Tairi hushika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, na kila mshiko ni pigo jipya kwenye gia.
- Difu yenye kuzuia mtelezo. Difu ya kawaida hugawa msokoto karibu sawasawa kwa shafti mbili. Difu yenye kuzuia mtelezo huweza kupeleka sehemu kubwa ya msokoto kwa gurudumu linaloshika, hivyo shafti moja hubeba mzigo mkubwa kuliko ilivyozoea.

Uwezo wa shafti ya duara kuhimili msokoto hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Kipenyo kikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, uwezo huongezeka kwa takriban asilimia 33, kwa kuwa 1.1 × 1.1 × 1.1 ni 1.331. Hii ndiyo sababu mafundi huulizana kwanza shafti ina meno mangapi mwishoni: 28, 31 au 35. Kwa kawaida meno mengi zaidi huashiria shafti nene zaidi.

Historia

Wamarekani walianza kubadilisha ekseli mapema. Katika miaka ya 1920 wenye Ford Model T waliweza kununua ekseli ya Ruckstell yenye gia mbili, iliyosaidia gari kupanda milima na kuvuta mizigo.

Magari ya Ford hadi toleo la mwaka 1948 yalikuwa na propela shafti iliyofungwa ndani ya bomba, na springi moja iliyolala kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Bomba hilo lilisukuma gari mbele na kuzuia ekseli isijizungushe. Vijana waliofunga injini na giaboksi za kisasa katika Ford za miaka ya 1930 walikuta kwamba giaboksi hizo haziungani na bomba hilo. Iliwabidi kutafuta ekseli yenye propela shafti iliyo wazi, pamoja na njia mpya ya kuishikilia. Chevrolet nayo iliacha bomba na kutumia propela shafti iliyo wazi katika toleo la mwaka 1955, mwaka uleule ilipoleta injini yake ndogo ya V8.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ted Halibrand wa California alipata sifa kwa ekseli za mashindano ambazo uwiano wake ulibadilishwa haraka kwa kufungua kifuniko cha nyuma na kubadilisha gia mbili ndogo. Ekseli hizo zilionekana pia katika magari ya barabarani yaliyorekebishwa.

Mwaka 1957 ulikuwa muhimu. Ford ilileta ekseli ya inchi 9, Chrysler ikaleta ya inchi 8¾, na Chevrolet ikaanza kuuza difu ya kuzuia mtelezo kwa jina la Positraction. Packard ilikuwa imetangulia na difu ya namna hiyo mwaka 1956. Katika miaka ya 1960 viwanda vilishindana kutia injini kubwa katika magari ya ukubwa wa kati, na ekseli ziliimarishwa ili zizihimili.

Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, viwanda vilianza kupunguza uzito wa magari. Ekseli nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 ni ndogo kuliko zile zilizozitangulia. Magari hayo yalipozeeka na kushuka bei, vijana waliyanunua na kuyafunga injini kubwa. Hapo ekseli ndogo zikawa tatizo.

Ekseli zinazojulikana zaidi

Ekseli nyingi hutajwa kwa kipenyo cha krauni kwa inchi. Inchi moja ni sentimita 2.54.

Ford

Ekseli ya Ford ya inchi 9 (sentimita 22.9) ilitengenezwa kuanzia toleo la mwaka 1957 hadi 1986. Ilifungwa katika magari madogo na pikapu, zikiwemo F-100, F-150 na Bronco, na pia katika Mustang zenye injini kubwa. Kibebeo chake hutolewa mbele. Pinioni yake hushikwa na beringi pande zote mbili za meno, hivyo haisukumwi kirahisi mbali na krauni mzigo unapozidi. Shafti zake hushikwa na bamba kwenye ncha za nje za ganda. Vibebeo vya chuma bora zaidi huwa na alama ya herufi N.

Kasoro yake ni kwamba pinioni imewekwa chini sana ya kitovu cha krauni. Meno hugusana kwa eneo kubwa na kuwa na nguvu, lakini msuguano huwa mwingi, na sehemu ya nguvu ya injini hupotea kama joto. Hata hivyo ndiyo ekseli inayotafutwa zaidi, na kampuni kama Currie, Moser na Strange hutengeneza maganda na shafti mpya za muundo huo.

Ekseli ya inchi 8 hufanana nayo kwa sura, na wanunuzi wasio na uzoefu huweza kuzichanganya. Ilifungwa katika Mustang nyingi zenye V8 ndogo, na hutosha kwa matumizi ya kawaida ya barabarani.

Ekseli ya inchi 8.8 ilifuata katika miaka ya 1980 na ina kifuniko cha nyuma. Ile ya Ford Explorer hupendwa kwa sababu ina shafti zenye meno 31, na kuanzia toleo la mwaka 1995 ina breki za diski.

General Motors

Ekseli za General Motors mara nyingi huitwa kwa idadi ya bolti za kifuniko. Njia hiyo huleta makosa, kwa kuwa ekseli kadhaa tofauti zina bolti 10. Ile ya inchi 8.2 ya miaka ya 1960 ni dhaifu kuliko ya inchi 8.5 iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ile ya inchi 7.5 ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na baadaye ndiyo ndogo kuliko zote. Ilifungwa katika magari mengi, yakiwemo Chevrolet Monte Carlo, pikapu ndogo ya S-10 na Camaro ya kizazi cha tatu. Buick Regal zenye turbo zilipewa ile ya inchi 8.5.

Ekseli ya bolti 12 yenye krauni ya inchi 8.875 ilifungwa katika magari madogo kuanzia toleo la mwaka 1965 hadi 1972. Ina sifa nzuri na hupoteza nguvu kidogo kuliko Ford ya inchi 9. Pikapu nazo zilikuwa na ekseli ya bolti 12, lakini pinioni yake ina shina jembamba zaidi na sehemu zake za ndani hazilingani zote.

Chrysler

Ekseli ya inchi 8¾ ya Dodge, Plymouth na Chrysler ilitumika kuanzia mwaka 1957 hadi 1974. Kibebeo chake hutolewa mbele. Kuna vibebeo vya aina tatu, ambavyo hutambulika kwa tarakimu tatu za mwisho za namba yake: 741, 742 na 489. Magari yenye injini ndogo yalipewa ekseli ya inchi 7¼, ambayo haifai kwa injini kubwa.

Kabla ya toleo la mwaka 1965, shafti za Chrysler zilikuwa na ncha iliyochongoka, na dramu ya breki ilishikwa na nati na ufunguo mdogo wa chuma. Kuitoa huhitaji kivutio maalumu chenye nguvu. Wenye magari wengi hubadilisha ekseli hizo ili tu kazi ya breki iwe rahisi.

Dana

Kampuni ya Dana, yenye asili katika kazi ya Clarence Spicer, iliwauzia ekseli watengenezaji wengi. Dana 44 ilifungwa katika Studebaker, Jeep na International Scout. Dana 60 ina krauni ya inchi 9.75 (sentimita 24.8). Chrysler iliitumia kuanzia mwaka 1966 katika magari yenye injini ya Hemi na giaboksi ya mkono yenye gia nne, ikiwa na shafti za meno 35. Ni ngumu sana, lakini ni nzito.

AMC

Ekseli ya AMC Model 20 ina krauni ya inchi 8⅞, na gia zake ni imara. Udhaifu wake uko kwenye shafti: kitovu cha gurudumu ni kipande cha pekee kilichobanwa kwenye ncha ya shafti, na huweza kuzunguka juu yake. Ilifungwa pia katika Jeep CJ za mwaka 1976 hadi 1986. Tiba iliyozoeleka ni kutia shafti za kipande kimoja na kuchomelea mabomba kwenye ganda, bila kubadilisha ekseli yote.

Dalili za ekseli iliyolemewa

Sauti ya kuvuma inayobadilika dereva anapokanyaga au kuachia mafuta huashiria gia zilizolika au kupangwa vibaya. Mvumo usiobadilika kwa namna hiyo, bali kwa kasi ya gari au kwenye kona, mara nyingi hutoka kwenye beringi. Mlio wa kugonga mara moja wakati wa kuondoka huweza kutokana na nafasi kubwa kati ya meno, lakini pia na jointi ya msalaba ya propela shafti iliyolika. Inafaa kukagua jointi hiyo kwanza kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Vipande vya chuma katika mafuta ni dalili mbaya, ilhali vumbi laini la kijivu ni la kawaida katika ekseli ya zamani. Mafuta yanayovuja kwenye breki ni hatari hata kama gia ni nzima.

Kuimarisha bila kubadilisha

Si kila ekseli huhitaji kuondolewa. Kwa gari linalotembea barabarani tu, hatua zifuatazo huweza kutosha:

- Kutia beringi, sili na mafuta mapya, na kupanga gia upya.
- Kutia shafti za chuma bora zaidi.
- Kufunga kifuniko chenye bolti zinazoegemea vishikio vya beringi, kwa ekseli za aina ya kifuniko cha nyuma.
- Kuchomelea mabomba mahali yanapoingia katika sehemu ya katikati.
- Kufunga vyuma vinavyozuia springi za mabamba kujipinda. Hatua hii huondoa kurukaruka kwa magurudumu na mara nyingi huokoa ekseli kuliko shafti mpya.

Kasoro ya njia hii ni kwamba huhamisha udhaifu bila kuuondoa. Shafti ngumu zikitiwa katika ekseli yenye krauni ndogo, kitakachovunjika baadaye ni meno ya krauni. Gharama ya kuimarisha ekseli ndogo ikikaribia bei ya ekseli kubwa, kubadilisha huwa na faida zaidi.

Kuchagua ekseli nyingine

Ekseli inayofaa lazima ilingane na gari kwa mambo yafuatayo.

Upana. Hupimwa kutoka uso ambao gurudumu huegemea upande mmoja hadi uso kama huo upande wa pili. Mustang ya mwaka 1965 na 1966 ina ekseli ya upana wa inchi 57.25 (sentimita 145.4), na ile ya 1967 hadi 1970 inchi 59.25 (sentimita 150.5). Ekseli ya Explorer ina inchi 59.5, hivyo huingia karibu bila shida katika Mustang ya 1967, lakini katika ile ya 1965 matairi husogea kwenye madigadi. Kwa kuwa bomba moja la Explorer ni refu kuliko jingine, mafundi hulikata kwa takriban inchi 3 na kutumia shafti mbili fupi. Upana hupungua na pinioni huja katikati.

Mpangilio wa bolti za gurudumu. Ford nyingi hutumia bolti 5 kwenye duara la inchi 4.5, General Motors inchi 4.75, na magari madogo ya Chrysler hadi mwaka 1972 inchi 4. Ekseli ya chapa nyingine huweza kumlazimisha mwenye gari kununua ringi mpya, au kubeba matairi mawili ya akiba.

Springi. Ekseli iliyotoka kwenye gari la springi za koili haina vikalio vya springi za mabamba, na kinyume chake. Vikalio hukatwa na kuchomelewa vipya.

Uwiano wa gia. Kwa gari lenye matairi ya kipenyo cha sentimita 66 na giaboksi isiyopunguza mzunguko katika gia ya juu, injini huzunguka takriban mara 2,480 kwa dakika kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa ikiwa uwiano ni 3.08. Uwiano ukiwa 4.11, injini huzunguka takriban mara 3,300. Gari la pili huondoka kwa wepesi, lakini hutumia mafuta mengi na hupiga kelele safarini.

Breki. Breki za dramu na za diski huhitaji shinikizo tofauti. Gari lililobadilishiwa ekseli huhitaji kukaguliwa pampu kuu ya breki, vali ya kugawa shinikizo, mabomba ya mafuta na waya za breki ya mkono.

Ufungaji

Kabla ya kuchomelea chochote, gari huwekwa kwenye urefu wake wa kawaida, uzito wake ukiwa juu ya springi. Vikalio hushikizwa kwa nukta chache za welding tu, kisha pembe ya pinioni hupimwa. Kwa kanuni, mstari wa shina la nyuma la giaboksi na mstari wa pinioni hupaswa kuwa sambamba gari linapoenda. Kwa kuwa pinioni huinua pua wakati wa kuondoka, katika magari yenye springi za mabamba huelekezwa chini kidogo kwa nyuzi chache. Pembe zikikosewa, propela shafti hutetemeka na jointi za msalaba hufa mapema.

Joto la welding hupinda mabomba. Fundi mzuri huchomelea vipande vifupi kwa kupokezana pande na kuacha ganda lipoe, kisha hukagua unyofu kwa chuma kirefu kinachopita katikati ya beringi zote. Ganda lililopinda hula beringi na sili hata kama gia ni mpya.

Upangaji wa gia huhitaji vipimo vinne: kina cha pinioni, mkazo wa beringi zake, nafasi ya mchezo kati ya meno, na alama ya mgusano. Katika ekseli nyingi mchezo huo huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25. Alama ya mgusano huonekana kwa kupaka meno rangi na kuzungusha gia; inatakiwa iwe katikati ya jino, isiegemee ncha wala shina. Shimu nyembamba hutumika kurekebisha.

Propela shafti karibu kila mara hukatwa au kutengenezwa upya na kusawazishwa. Kipimo cha mwendo hurekebishwa kwa kuwa uwiano umebadilika. Gia mpya huendeshwa taratibu mwanzoni, zikiachwa zipoe baada ya safari fupi, na mafuta hubadilishwa baada ya takriban kilomita 800. Difu yenye sahani za klachi huongezewa kimiminika cha kupunguza msuguano ili isitetemeke kwenye kona.

Usalama

Tofauti kubwa kati ya ekseli mbalimbali ni jinsi shafti inavyoshikwa. Katika Ford ya inchi 9, Chrysler ya inchi 8¾ na Dana nyingi za zamani, shafti hushikwa kwenye ncha ya nje. Shafti ikikatika ndani ya bomba, gari husimama, lakini gurudumu kwa kawaida hubaki mahali pake.

Katika ekseli za General Motors za bolti 10 na 12 na Ford ya inchi 8.8, shafti nyingi hushikwa na klipu yenye umbo la C iliyo ndani ya difu. Shafti ikikatika, hakuna kinachoizuia kutoka, na huweza kuteleza nje pamoja na gurudumu na dramu ya breki gari likiwa katika mwendo. Ni kwa sababu hiyo NHRA, chama cha mbio za robo maili nchini Marekani, hudai shafti maalumu na kishikio kingine badala ya klipu kwa magari yenye kasi kubwa.

Kwa gari la kawaida lenye matairi ya kawaida, klipu hizo zimetumika katika mamilioni ya magari bila tatizo. Hatari huanza nguvu inapoongezwa bila kuangalia kinachoshikilia gurudumu.

Kazi yenyewe ina hatari zake. Ekseli nzima huzidi uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba salama, na gari lililoinuliwa lazima likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake.

Uhalisi na thamani

Kwa wakusanyaji, gari lenye ekseli yake ya awali, yenye namba na tarehe zinazolingana na gari, huwa na thamani kubwa kuliko lililobadilishwa. Hili ni kweli hasa kwa magari adimu ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa, ambayo viwanda viliyapa ekseli bora tangu mwanzo. Kwa gari la kawaida lililotengenezwa kwa wingi, mabadiliko yaliyofanywa vizuri hayashushi sana bei, na huweza kulifanya litumike zaidi.

Wenye magari wengi hutatua mgongano huo kwa kuchagua ekseli inayofungwa kwa bolti bila kukata chasisi, na kuitunza ile ya awali. Ekseli ikipakwa mafuta, matundu yake yakizibwa na ikawekwa mahali pakavu, mmiliki wa baadaye anaweza kuirudisha. Gari lililokatwa vikalio na kuchomelewa huwa vigumu kulirudisha lilivyokuwa.

Tazama pia

- Breki
- Difrensha
- Ford Mustang
- Gia
- Giaboksi
- Injini